Uchafu Uliokuwa Tangini

Watu hufikiri kwamba anayeshika magari hana kinyaa. Mimi ninacho, tena kingi. Nimetoa kiota cha panya kwa mikono yangu, nimefyonza petroli kwa mdomo nikaitema pamoja na chai ya asubuhi, na mpaka leo nikiona mtu akipangusa grisi kwenye kiti cha gari la wenyewe natamani kumzaba kofi. Huo ni uchafu wa kawaida, unatoka kwa sabuni na mchanga. Ninaotaka kuueleza ni mwingine, na niliufikia kupitia ubovu ambao kila mtu mwenye gari kuukuu anaujua: pikapu ya baba ilikuwa haina nguvu mlimani.

Baba alimfuata mama kabla udongo wa kaburi la mama haujashikana. Tukabaki watatu. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili mama alipoanza kuugua, na sikurudi. Baada yangu yuko ndugu yangu wa kiume, aliyekuwa bado shule ya msingi, kisha kitinda mimba, msichana mwenye maswali kuliko hakimu. Tuliachiwa shamba la mawe upande wa Kathonzweni, mbuzi wachache, na pikapu ya petroli iliyonizidi umri, iliyopakwa rangi ya nyumba kila palipotobolewa na kutu.

Baada ya mazishi ukoo uliketi. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, anayeishi mjini Wote, ndiye aliyekuwa na mpango. Ndugu yangu angeenda kwake. Kitinda mimba angepelekwa Kitui kwa dada yake mama. Mimi ningetafutiwa kazi ya nyumbani kwa watu. Pikapu na mbuzi vingeuzwa.

"Watoto hawawezi kukaa peke yao kama kuku," alisema.

"Hawako peke yao," nikamjibu. "Mimi niko."

"Wewe utawalisha nini, mwiitu wakwa?" Alipenda kuniita hivyo kwa Kikamba, binti yangu, hasa mbele ya watu.

"Naendesha gari. Baba alinifunza. Nitabeba maembe."

Wakacheka. Mzee wa ukoo, ndugu yake babu, hakucheka, lakini alikuwa amechoka na alitaka kwenda nyumbani. Akasema nipewe msimu mmoja wa maembe. Nikiweza, watoto wabaki. Nikishindwa, gari liuzwe na watoto wagawanywe. Alilitamka neno hilo kama mtu anayezungumza juu ya mbuzi aliyekwisha kuchinjwa. Baba mdogo akakubali mara moja, bila kubishana, na kule kukubali kwake kwa upesi kukanikera hata kabla sijajua sababu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Nilikuwa nachukua maembe kwenye mashamba ya Kathonzweni, napita Wote, napanda hadi Mukuyuni ambako wanunuzi walingoja na malori yao. Embe halina subira. Likilala njiani kwenye jua, linafika limepiga jasho, na mnunuzi akilibonyeza kwa kidole gumba anatikisa kichwa. Mkulima aliyerudishiwa maembe mara moja hakuiti tena.

Pikapu ilikataa kupanda tangu safari za kwanza. Kwenye tambarare ilikwenda kama kawaida. Tukianza mlima, na mimi nimeikanyaga ekseleta hadi chini, ilivuta kidogo, kisha sauti ikawa nyembamba, ikaanza kukohoa na kushtuka-shtuka kama mtu aliyepaliwa na uji. Nilishuka gia hadi ya kwanza. Bado. Pikipiki zilinipita, punda wa maji alinipita, na mwenye punda akainama kunichungulia dirishani.

"Dada, nikufungie kamba?" akauliza. "Huyu wangu amekula vizuri leo."

Nilipozima injini nikakaa pembeni kidogo, halafu nikawasha, gari lilipanda kama hakuna lililotokea. Likafika kona ya pili, likakohoa tena. Hivyo ndivyo tulivyofika Mukuyuni, kwa kupumzika kila kona, na maembe ya chini yakitoa maji.

Nililipeleka kwa fundi mmoja wa mjini Wote. Alikuwa ametia muguka, majani ya kutafuna kama miraa, shavuni kiasi kwamba uso wake ulikuwa na upande mmoja tu wa kuzungumzia. Kila alipofungua kitu alitema kijani karibu nacho. Alifungua boneti, akasikiliza injini gari likiwa limesimama, ambapo haikuwa na shida yoyote, akatangaza.

"Siz, hii ni kabureta. Inakunywa sana."

"Umejuaje?"

"Hizi gari za zamani ni walevi."

Akaikaza kabureta isinywe. Gari likawa baya zaidi. Nilipomrudishia alifungua kichujio cha hewa, na hapo kwa kweli kulikuwa na jambo: panya walikuwa wamejijengea nyumba. Nyuzi za gunia, maganda ya ndengu, manyoya, na katikati watoto wao wekundu wasio na macho, wanajinyonganyonga. Fundi aliwamwaga chini akawakanyaga kwa ndara, huku akicheka, akafuta ndara kwenye gurudumu langu. Nililazimika kwenda nyuma ya kibanda kutapika. Akanifuata na habari njema.

"Ugonjwa tumepata! Gari lilikuwa halipumui."

Lilipumua. Halikupanda.

Fundi wa pili, karibu na stendi, hakutema chochote. Huyo alikuwa nadhifu, na ndiye aliyeniibia plagi. Baba alikuwa ameweka plagi mpya muda mfupi kabla ya kulazwa, nazijua, zilikuwa na rangi nyeupe safi kwenye kauri. Gari lilitoka pale na plagi zilizopasuka, na yeye akaniambia kwa upole kwamba injini imekufa ringi za pistoni, nijiandae kuifungua yote. Niliporudi kuulizia zangu aliwageukia wenzake.

"Huyu mama anasema ati anajua plagi zake kwa sura. Muulizeni kama zina majina."

Walicheka wote, hata muuza chapati. Sikutoka pale. Nilikaa juu ya ringi ya gurudumu mlangoni pake, mchana kutwa, nikimwambia kila mteja aliyekuja kwamba nangoja plagi zangu. Jua lilipoanza kuinama alizitoa mfukoni mwa ovaroli, akazitupa mchangani mbele ya miguu yangu. Niliziokota. Niliziosha nyumbani kwa petroli na mswaki, na nilipokuwa nikizisugua nilijua kwamba sitarudi kwa fundi yeyote. Nitakiangalia kitu hiki mwenyewe, hata kama nitachelewa.

Wakati huo habari ilikuwa imeenea kwamba gari halipandi. Na watu wetu hawawezi kuacha gari likose nguvu bila sababu iliyo kubwa kuliko gari. Baba mdogo ndiye aliyewapa sababu. Pikapu ile, alisema, ndiyo iliyombeba baba kutoka mochari hadi kaburini. Gari likimbeba mwenyewe, halimtaki mtu mwingine. Linamlilia. Alisema hayo kanisani, nje, watu wakisalimiana, kwa sauti ya mtu anayeumia. Akina mama wa kanisa wakaja nyumbani kuliombea. Waliweka mikono juu ya boneti, wakaimba, mmoja akapaka mafuta ya kupikia kwenye usukani kwa jina la Yesu. Nilishika usukani ule unaoteleza wiki nzima. Mimi ninamwamini Mungu, lakini sikuamini kwamba angeshughulika na kabureta kabla mimi sijaishughulikia.

Basi nikaanza kuondoa jambo moja baada ya jingine. Nilisukuma gari kwenye tambarare likiwa halina gia, likaenda kwa wepesi; kwa hivyo breki hazikuwa zimeshika. Mlimani injini haikupaa sauti huku magurudumu yakibaki nyuma, kwa hivyo klachi haikuwa ikiteleza. Lilikohoa alfajiri na baridi sawasawa na adhuhuri, kwa hivyo halikuwa joto. Nikarudisha skrubu za kabureta pale alipokuwa ameziacha baba, maana rangi yake ya alama ilikuwa bado inaonekana. Halafu nikapanda mlima na mzigo mpaka lilipoanza kukohoa, nikazima papo hapo, nikafungua plagi zingali zinachoma vidole.

Baba alikuwa akiniambia plagi ni ulimi wa injini, na daktari huanza na ulimi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, injini imekula mafuta kupita kiasi. Ikiwa ya rangi ya kahawa iliyokolea maziwa, iko sawa. Zangu zilikuwa zimekauka, nyeupe kama mfupa uliolambwa na mbwa. Injini ya mlevi haiwezi kuwa na ulimi kama huo. Ilikuwa na njaa. Gari likisimama ilipata tone la kuitosha. Ikipewa mlima na maembe, iliomba zaidi na haikupata. Ikipumzishwa, mafuta yalijikusanya kidogo kidogo hadi ikatosheka kwa kona moja nyingine.

Kichujio cha petroli kilikuwa safi. Mafundi wote wawili walikitazama na kusema ni safi, basi mafuta hayana shida, wakaenda mbele kutafuta kwingine. Na mimi nilifikiri hivyo kwa siku kadhaa. Kisha nikajiuliza: kama kitu kimezuiwa kabla ya kukifikia kichujio, kichujio kitachafuka na nini?

Nilifunga mtungi wa petroli juu ya paa la kabini ya dereva kwa mipira ya tyubu, nikashusha mpira mwembamba hadi kwenye pampu, nikaliacha tangi la gari kando kabisa. Ni hatari na simshauri mtu afanye. Nikapakia mawe badala ya maembe, nikaenda mlimani. Pikapu ilipanda. Ilipanda gia ya pili bila kukohoa hata mara moja, na yule mwenye punda akasimama kando akiwa ameshika kofia yake. Nilipiga honi nikapita.

Ugonjwa ulikuwa tangini.

Nililishusha tangi uani, chini ya gari, nikiwa nimelala kwenye gunia. Petroli iliyotoka chini ilikuwa na rangi ya mkojo wa mtu aliyelala hospitali, na kutu, na utelezi. Kisha nikaona kitu kinatikisika ndani kila nilipoliinua tangi upande mmoja. Kilikuwa kinaogelea. Nilipindisha waya nikakivua, kikatoka polepole mdomoni mwa tangi kama kitu kinachotapikwa. Kilikuwa kitambaa. Kimelegea, kimejaa ute wa kahawia, kinanuka mpaka macho yakatoka machozi. Injini ilipofyonza kwa nguvu, kilikuwa kikienda kujibandika kwenye mdomo wa bomba, na ilipozimwa kiliachia.

Kitinda mimba alikuwa anaosha vyombo. Alikuja ameziba pua.

"Ni nini hicho? Ni mnyama?"

"Ni tambara."

Akainama. Pale nilipokuwa nimekikunja kwa waya rangi ilionekana: zambarau. "Hicho ni cha gari," akasema. "Vile vya siku ya baba."

Siku ya mazishi akina mama wa kanisa walikuwa wamefunga vitambaa vya zambarau kwenye vioo vya pembeni vya pikapu, kama inavyofanywa. Niliona siku ile kwamba kimoja kimepotea, nikadhani ni upepo.

"Kilifikaje huku?" niliuliza, nikiwa namuuliza Mungu zaidi kuliko yeye.

"Si ni baba mdogo," akasema, kama mtu anayenikumbusha nilipoweka chumvi. "Watu wakiimba. Alikuwa anatoa mafuta na mpira, anatia kwa pikipiki yake. Akaniambia nimletee kitambaa cha kuzungushia mpira, hewa isiingie. Mimi ndio nilikifungua kwa kioo."

"Watu wakiimba wapi? Baba alikuwa tayari kaburini?"

"Hapana. Alikuwa hapo juu."

Alionyesha nyuma ya pikapu kwa kidole chenye povu la sabuni.

Nilikaa pale chini. Nilimwona kana kwamba nilikuwa kando yake: amechuchumaa upande usioonekana na watu, amefyonza mpira, ametema petroli, huku juu ya kichwa chake, umbali wa mkono, ndugu yake amelala ndani ya jeneza akingoja wimbo umalizike. Na kutoka hapo akaenda kubeba jeneza hilo, akiwa mbele, upande wa kulia; mikono ikinuka. Kisha akatuambia gari linalia.

Sijawahi kuhisi kinyaa cha namna ile. Kile cha panya kilitoka kwa kutapika. Hiki kilikaa. Nilikichoma kile kitambaa nyuma ya choo na nikasugua mikono kwa jivu, na bado nikasusia ugali.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, baba mdogo alikuja bila kuitwa. Alimleta mzee wa ukoo pamoja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Msimu ulikuwa haujaisha, lakini alikuwa amesikia kwamba tangi liko uani, akadhani ndio mwisho wa mambo. Hakujua kwamba nilikuwa nimelirudisha na gari limepakiwa maembe tayari. Mnunuzi wa vyuma alipiga gurudumu teke.

"Hii nitaichukua kwa kilo," akasema.

"Tumekuja kwa upendo," akasema baba mdogo. "Mwiitu wakwa, umejaribu, hakuna anayekulaumu. Gari limekataa. Wacha watoto wapate mahali."

"Msimu haujaisha," nikasema. "Ingieni. Twende Mukuyuni pamoja."

"Sisi? Tukaanze kusukuma na suti za kanisa?"

Mzee wa ukoo ndiye aliyefungua mlango. "Mimi nataka kuona," akasema. Basi baba mdogo akalazimika kuingia, wakakaa wawili kando yangu, magoti yao yakigusana. Mnunuzi wa vyuma tukamwacha uani akipewa chai.

Niliendesha nikiisikiliza injini. Tukaupita mji wa Wote. Mlima ulipoanza baba mdogo alishika mlango kwa mkono mmoja, akijiandaa kushuka. Nikakanyaga. Pikapu ilivuta, sauti nzito, nzima, kona ya kwanza, ya pili, pale ilipozoea kukohoa, ikapita. Mzee alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

"Hailii tena?" akauliza.

"Ni maombi," akasema baba mdogo, na akainua mkono kabisa. "Mimi nimekuwa nikiliombea gari hili. Bwana asifiwe."

Nilisimamisha gari pembeni, juu kabisa. Sikuwa nimepanga kusema. Lakini kulikuwa na mkono ule umeinuliwa, karibu na uso wangu.

"Baba mdogo," nikasema, "siku tuliyomzika baba, ule mpira uliotolea mafuta uliuzungushia nini?"

Mkono ulishuka.

"Mpira gani?"

"Nimekitoa tangini. Cha zambarau."

Alitazama nje. Mzee alitazama mbele. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, vizuri sana, na ningependa ingekuwa na kelele.

"Ni mafuta kidogo tu," akasema mwishowe. "Pikipiki haikuwa na kitu. Hata mimi nilikuwa mfiwa."

"Jeneza lilikuwa wapi?" mzee akamuuliza.

Baba mdogo alishika kitasa cha mlango.

"Nimekuuliza, lilikuwa juu?"

"Lilikuwa juu."

Nilitarajia mzee atafoka. Nilitarajia angalau atateremka aende kwa miguu, asikae na mtu yule goti kwa goti. Alitoa kitambaa chake cha mkono, akafuta jasho shingoni pole pole, na nikaona anapima. Alikuwa mzee wa kanisa. Baba mdogo pia alikuwa na cheo pale.

"Haya ni mambo ya ndani," akasema. "Hayatoki kwenye hili gari. Watoto watabaki na dada yao, na wewe hutarudi pale nyumbani na mnunuzi wa kitu chochote." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe hutalisema kanisani. Umesikia? Utaiaibisha nyumba ya baba yako."

Nyumba ya baba yangu! Yule aliyefyonzewa mafuta chini ya maiti yake ndiye angeaibika. Nilitaka kukataa. Nilifikiria maneno. Halafu nikafikiria ndugu yangu, amekaa kwa mtu huyu, akila chakula chake na kumwita baba, na kitinda mimba kule Kitui akiuliza maswali kwa watu wasio na muda naye.

"Nimesikia," nikasema.

"Tuombe basi," akasema mzee, na wote wawili wakafumba macho. Baba mdogo ndiye aliyeomba. Aliomba vizuri, ana kipawa. Aliwataja mayatima mara kadhaa. Mimi niliyaacha macho yangu wazi, nikiangalia geji ya mafuta.

Tuliuza maembe. Hakuna hata moja lililorudishwa. Niliwashusha mjini Wote, mzee akanishika mkono, baba mdogo akanishika mkono, nami nikawapa mkono wote wawili kwa sababu nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Bado nasalimiana naye kila Jumapili. Sijakizoea kiganja chake, na sidhani kwamba ninapaswa.

Nilipofika nyumbani mnunuzi wa vyuma alikuwa ameshakwenda. Kitinda mimba alikuwa ndani, ameinama juu ya mfuko wa nailoni, anatoa nguo moja moja na kuzirudisha kwenye sanduku. Sikuwa nimejua kwamba alikuwa amezipanga kwa safari ya Kitui. Alikuwa amezificha chini ya kitanda tangu lini sikumuuliza. Nilichuchumaa nimsaidie.

"Usiguse," akasema. "Unanuka petroli."